Viti Sita vya Valens Ntakirutimana, Seremala wa Gitega

Ndugu, majirani, mapadri, na nyote mliopanda mlima hadi hapa makaburini Nyamirambo leo Ijumaa, tarehe 12 Novemba 1993: huyu tunayemlaza ardhini aliitwa Valens Ntakirutimana. Wengi wenu mlimwita Fundi. Maisha yake yatasomwa yote, yale ya kusifiwa na yale ambayo familia ingependa yabaki ndani ya nyumba, kwa sababu yeye mwenyewe hakupaka rangi juu ya ubao uliooza hata siku moja.

Alizaliwa Alhamisi tarehe 3 Mei 1934, kilimani Shyorongi, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Niyongabo, mwashi. Tarehe yake inajulikana kwa kuwa padri aliiandika. Ya dada yake mkubwa, Mukandekezi, hakuna aliyeiandika. Husemwa tu kwamba Valens alipozaliwa, dada alikuwa tayari anabeba mtungi wa maji bila kuumwaga. Mwaka wa 1943, ile njaa ambayo wazee bado wanaitaja kwa sauti ya chini, mama yao alikufa. Baba akawachukua wote wawili kwa miguu hadi Usumbura, Bujumbura ya leo, wakapanga chumba mtaa wa Buyenzi. Huko ndiko ndugu hawa walikojifunza Kiswahili, na mpaka juzi walipokuwa na neno la siri walilisema kwa Kiswahili, hata mbele ya mke na watoto walioelewa kila kitu. Ndiyo maana wasifu huu unasomwa kwa lugha hiyo.

Valens alisoma miaka minne kwa mafrateri. Dada yake hakufika mbali hivyo, maana mtu mmoja alipaswa kupika, na baba yao alikuwa mtu wa kula. Basi jioni Valens alikuwa anakaa karibu na jiko na kumfundisha dada herufi alizopata asubuhi, akizichora kwa mkaa sakafuni, na dada akizifuta kwa ufagio kabla baba hajarudi. Alijifunza kusoma hivyo, nusu nusu, akiwa ameshika mwiko. Na yeye naye alimlea mdogo wake kwa mkono usiotetemeka. Valens alikuwa akiambiwa "kaa" anakaa, "kula" anakula. Majirani wa Buyenzi walimtania: "Wewe, ukiambiwa na dada yako kwamba leo ni Jumapili, utaenda misa hata kama ni Jumatano." Yeye alijibu, "Akisema ni Jumapili, labda padri ndiye amekosea." Neno hilo lilichekesha watu miaka mingi. Leo, mkisikia yaliyofuata, halitachekesha tena.

Akiwa na miaka kumi na tano aliingia karakana ya mafrateri hao hao kujifunza useremala, akatoka fundi kamili mwaka 1954. Mwaka 1963, baba alipokwisha kufa, ndugu wawili walirudi Rwanda, wakafika Kigali ikiwa bado mji mdogo wa kuuzunguka kwa asubuhi moja. Mwaka uliofuata Valens alifungua karakana yake Gitega, ile ile mnayoijua, yenye mlango wa bluu. Hakuhama tena.

Tarehe 25 Septemba 1965 alifunga ndoa na Épiphanie katika kanisa la Sainte-Famille. Shemeji zake walitaka aoe akiwa na nyumba. Yeye alikuwa na kitanda tu, lakini kitanda chenyewe baba mkwe alikigonga, akakitikisa, akakipanda kwa magoti kama mtoto, kisha akasema, "Mtu aliyefunga viungo namna hii hatamwacha binti yangu." Hakumwacha. Walipata watoto watatu: Théoneste, Christella na Annah.

Kuhusu kazi yake, nusu ya Gitega mmelala juu yake, mmekula juu yake, na wengine mmezikiwa ndugu ndani yake. Hakutumia msumari pale ambapo kiungo kingetosha. Na kila kitu kilichotoka kwake kilikuwa na alama chini, mahali ambapo mtu haoni mpaka akipindue: vijiti vitatu vya mti mweupe vilivyozamishwa katika mbao nyekundu, vimekaa kama mafiga matatu. Alisema ni jiko la mama yao. Waliokuwa hawana adabu walikwenda kwenye harusi za watu na kupindua viti kutazama kama ni vya Valens.

Mwaka 1968 mteja mmoja alimshitaki kwamba mlango umepinda. Kesi ikaanguka kwa hakimu kijana, Karangwa, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Hakimu hakukaa mezani kusikiliza maneno. Alikwenda kwa mteja, akaushika mlango, akanusa mbao, akauliza, "Mlango huu ulilala nje wakati wa mvua siku ngapi?" Mteja akasema, "Siku mbili tu, hakimu." Basi kesi ikaisha. Jumapili iliyofuata Valens alimpelekea Karangwa kibuyu cha urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, na Karangwa akakataa kunywa peke yake zawadi ya mtu aliyemhukumia. Akasema, "Tutakunywa wote, na mrija uwe mmoja, ili yeyote asiseme nimelishwa kitu." Kwetu hapa watu hawashiriki mrija mmoja ovyo. Mtu anayekupa mrija alionyonya amekwambia kwamba hakuogopi nawe humwogopi. Hawa wawili walinywa hivyo kila Jumapili baada ya misa ya pili, miaka ishirini na minne. Karangwa alipanda, akawa jaji, akafika mahakama ya juu kabisa ya nchi pale Kimihurura. Mrija ulibaki mmoja.

Mwaka 1979 ni Valens aliyetengeneza meza ya majaji wa mahakama hiyo na viti vyao saba. Meza ilikuwa ubao mmoja wa libuyu, ule mti wa mbao nyekundu za bei, bila kiungo, mrefu hata ukakataa kupita mlangoni. Ilibidi kung'oa dirisha. Mkubwa mmoja alipiga kelele kwamba serikali haiingizi meza dirishani kama mwizi. Valens akamwambia, "Basi toa serikali yako nje, ikae na meza." Miaka yote hiyo alikuwa anaitwa kukaza miguu ya viti na kupaka nta, akapewa jina la fundi wa mahakama, na jina hilo alilipenda kuliko alivyotaka kuonyesha.

Sasa tunafika kwenye viti sita.

Mwaka 1991, mambo ya vyama vingi yalipoanza, majaji saba waligawanyika. Mara tatu Rais alitaka jambo, na mara tatu wanne walisema sheria hairuhusu, watatu wakasema inaruhusu. Karangwa alikuwa katika wale wanne. Kuwafukuza wanne ingekuwa aibu mbele ya dunia. Basi ikapatikana njia ya upole: kuacha saba wakae, na kuwaongezea sita wapya, wote watu wa Rais, wawe kumi na tatu. Wanne wangebaki na viti vyao na heshima zao, na wasingeshinda tena. Redio haikusema. Gazeti halikuandika. Ilikuwa karatasi tu, ndani ya mtoto wa meza ya mtu. Lakini hata karatasi ya siri, ikitaka kukalisha watu, lazima ipite kwa seremala.

Jumanne tarehe 14 Januari 1992 alikuja karakana mtu wa vifaa vya serikali aliyeitwa Jean-Bosco, amevaa koti la mvua na jua liko juu. Akasema, "Fundi, tunahitaji viti sita, sawa na vile saba. Na meza iongezwe."

"Meza haiongezwi," Valens akajibu. "Iliota hivyo msituni."

"Iko amri."

"Amri mpe mti. Mimi nitafanya viti."

Jean-Bosco akaacha meza, akainama karibu. "Na mdomo, fundi. Mtu asijue. Hasa yule rafiki yako wa Jumapili."

Siku hiyo hiyo Valens alikwenda kwa dada yake. Alimkuta anachagua maharage. Akamweleza yote, kwa Kiswahili, akauliza, "Dada, nimwambie Karangwa?"

Dada hakuinua macho. "Ukimwambia, atafanya nini?"

"Watajua mapema, wale wanne. Watasimama waseme."

"Na wewe watakusimamisha wapi? Uko na watoto watatu. Karangwa ni jaji, popote atapata kiti. Wewe ukitoka Gitega utakaa juu ya nini? Funga mdomo, fanya kazi yako."

"Dada, huyu tunanywa naye mrija mmoja."

"Basi kunywa. Mrija hauna masikio."

Valens alikaa kidogo, akamsaidia kutoa mawe kwenye maharage, akaondoka. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alifanya kama alivyoambiwa.

Jumapili tarehe 2 Februari Karangwa alifika karakana na kibuyu kama kawaida. Viti vinne vilikuwa tayari vimesimama pembeni, vimefunikwa na mkeka. Karangwa alikuwa na uzito siku hiyo. Wenzake watatu katika wale wanne walikuwa wamesikia uvumi wakamtuma, maana walijua urafiki wake na fundi.

"Mzee Valens, hii viti ni ya nani?"

"Ya harusi. Mtu wa Kabeza."

"Harusi gani watu wanakalia libuyu?"

"Ya mtu mwenye pesa, Bwana Jaji. Nimuulize na jina la bibi harusi?"

Karangwa akacheka, uso ukafunguka. Akasema, "Wenzangu ni waoga. Wanasema kuna watu wataongezwa. Nimewaambia, kama kuna kiti kinatengenezwa nchi hii, fundi wangu angeniambia." Akavuta mrija, akampa. Valens akasema jino linamuuma.

"Tangu lini jino la Gitega linaogopa urwagwa?"

"Tangu leo."

Karangwa akanywa kibuyu peke yake. Kesho yake aliwaambia wenzake watatu: nimeuliza, ni viti vya harusi ya Kabeza, hakuna kitu, naweka heshima yangu hapo. Kwa neno hilo waliacha barua ya kupinga waliyokuwa wameanza kuandika.

Valens alimaliza viti. Épiphanie anasema Valens aliviwekea alama ya mafiga chini, vyote sita, ingawa yeye alimwonya kwamba kazi ya siri haitaki jina. Alimjibu, "Kiti bila alama si changu, na kama si changu nimemdanganya Karangwa bure." Hatujui alimaanisha nini. Labda alitaka aonekane.

Jumatatu tarehe 16 Machi 1992 viti vilipelekwa Kimihurura. Kwa kuwa meza haikuongezwa, vilipangwa huku na huku kwenye ncha, kama wageni waliokuja bila kualikwa. Majaji waliingia wakavikuta. Mmoja akasema pengine ni vya wageni wa siku hiyo. Karangwa alikwenda hadi kiti cha kwanza, akakipindua miguu juu, mbele ya wote, akatazama. Akakirudisha polepole. Mwenzake mmoja akamwambia, "Harusi ya Kabeza imefika." Hawakumwamini tena. Walisema alijua, aliwalaza usingizi, ameahidiwa kitu. Mtu aliyewahi kukataa hata kibuyu cha pombe kwa ajili ya jina lake.

Na angalia mambo ya dunia. Wale sita hawakuja. Karatasi ile ilisubiri sahihi, ikasubiri, serikali ikabadilisha watu, wakubwa wakaogopana, na mwisho ikarudi kwenye mtoto wa meza. Nani aliizuia hasa, hatukuambiwa. Viti vilikaa wiki sita bila makalio hata moja, na Alhamisi tarehe 30 Aprili lori likavirudisha Gitega. Vimekuwa nyumbani kwa Valens tangu siku hiyo. Watoto na wageni walivikalia. Yeye hakuvikalia, alikaa kwenye kigoda.

Tarehe 15 Mei Karangwa aliacha kazi. Alihamia Kabeza, na Jumapili zikawa Jumapili tupu. Valens alikwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuta mlango umefungwa. Mara ya pili ulikuwa wazi, akamwona rafiki yake ameketi ndani anasoma, akasimama nje muda wa kusali rozari moja, akarudi. Alipoulizwa kwa nini hakubisha, alisema, "Nilikuwa sina neno la kuanza nalo." Dada yake alimwambia aache kujidhalilisha. Alimwambia kwamba mtu mwenye haki hafuati mtu. Neno "haki" alilitumia vibaya siku hiyo.

Ugonjwa ulianza Agosti 1992. Ilikuwa kifua, vumbi la mbao la miaka arobaini. Alilazwa hospitali kubwa ya hapa Kigali mara mbili, wauguzi wakamtunza vizuri, na yeye akawakazia kitanda kilichokuwa kinalia. Tangu Septemba mwaka huu hakutoka nyumbani tena. Épiphanie alimwosha, Christella alimsomea, na dada yake alihamia hapo kulinda mlango, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na pumzi yake ilikuwa kidogo.

Jumapili tarehe 17 Oktoba, saa sita hivi mchana, alifika mtu langoni. Ilikuwa siku isiyo na gari, vizuizi barabarani. Alikuwa ametembea kutoka Kabeza na fimbo yake, viatu vimejaa vumbi jekundu, mkononi kibuyu kidogo na mrija mmoja. Aliyefungua alikuwa dada.

"Habari za mchana, Mukandekezi. Nimekuja kumwona Valens."

"Mgonjwa amelala."

"Nitangoja."

"Amelala sana."

"Sina haraka, mama. Nitakaa hapa kwenye jiwe."

Dada akasema: "Miezi kumi na saba hukuuliza kama anakula. Leo ndiyo umekumbuka njia ya Gitega? Unataka kumwona amekonda, uridhike?"

Bwana Jaji Karangwa aliuweka mrija juu ya ua, pembeni mwa lango, akaondoka na kibuyu, pole pole, fimbo mbele.

Kutoka ndani Valens aliuliza, "Dada, nani huyo?"

"Muuza makaa."

Valens akasema, "Huyo muuza makaa ana sauti ya Karangwa."

"Ni homa. Lala."

Akalala. Akiambiwa lala, alilala.

Baada ya hapo zilipita wiki tatu na zaidi. Kila asubuhi dada alijiambia kwamba leo atamtuma Théoneste Kabeza, na kila asubuhi shingo yake ilikataa kugeuka. Valens hakuuliza tena. Mara moja tu alimwambia Épiphanie ageuze kitanda kitazame lango.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Novemba 1993, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa, akiwa na miaka hamsini na tisa. Jeneza hili alilitengeneza mwenyewe mwezi Juni, akasema fundi mwingine angetumia misumari. Alama iko chini. Mtatusamehe, hatutalipindua.

Mambo mawili yameandikwa hapa ili yasikike mbele ya kaburi. Aliyemwambia Valens afunge mdomo ni dada yake. Aliyemfungia Karangwa lango ni huyo huyo dada yake. Valens alikosa kwa sababu alitii, na aliyemfundisha kutii hajawahi maishani kumwambia mtu yeyote kwamba yeye mwenyewe amekosea. Anasema hivyo leo, kwa maneno yake haya na kwa mdomo wa Christella anayesoma, kwa kuwa macho yake na sauti yake havitoshi.

Marehemu ameacha mjane wake, Épiphanie, watoto wake Théoneste, Christella na Annah, wajukuu wanne, na dada yake mkubwa, Mukandekezi. Ameacha pia rafiki, Bwana Jaji Karangwa, ambaye jana alipelekewa habari Kabeza na akasema atakuja. Jina lake limewekwa hapa miongoni mwa ndugu, na asiyependa aje kumuuliza Mukandekezi.

Baada ya mazishi, nyote mnakaribishwa nyumbani Gitega. Vile viti sita vimetolewa uani. Vitano vikalieni nyinyi wazee. Cha sita, kilicho karibu na mlango, hakitakaliwa na mtu mpaka Bwana Jaji aketi, na dada atabaki amesimama mpaka hapo. Kuna kibuyu cha urwagwa mbele yake. Mrija ni ule aliouacha juu ya ua. Umeoshwa, na ni mmoja.

Valens, mdogo wangu, lala sasa kwa amani. Safari hii hakuna anayekuamuru.